Gari Limezima Majini: Kabla Hujagusa Ufunguo

Gari limezama dimbwini hadi usawa wa bampa, injini imekohoa mara mbili, kisha kimya. Kinachosikika ni waipa tu na maji yanayogonga milango. Sekunde hiyo mkono wa dereva hausubiri ruhusa ya kichwa. Unarudi wenyewe kwenye ufunguo. Nimeziona injini ambazo maji yalizisamehe, zikaja kuuawa dakika moja baadaye na mwenye gari, kwa stata.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba "gari limezima majini" ni jina moja linalobeba matatizo kadhaa yasiyofanana hata kidogo. Moja hukauka lenyewe ukiacha boneti wazi kwa nusu saa. Jingine litakufanya ufumue injini nzima. Ukiwa umekaa kwenye usukani yote yanaonekana sawa: taa za dashibodi zinawaka, injini haiungurumi. Cha kujua ni maji yamefika wapi, na hilo ufunguo hauwezi kukuambia bila kuhatarisha injini.

Vijiko vitatu

Tuanze na lile baya, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote yafanyweje.

Injini inapumua. Ya cc 1,600 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku mafuta yamekanyagwa mpaka chini, hufyonza karibu lita 2,400 za hewa kila dakika. Hewa hiyo inaingilia kwenye bomba ambalo mdomo wake, kwa magari mengi madogo, uko mbele kabisa: nyuma ya grili, kando ya taa kubwa, au umefichwa ndani ya madigadi. Dereva hupima kina cha maji kwa kuangalia matairi, wakati kina chenye maana ni kile cha mdomo huo. Tena maji yaliyo mbele ya gari hayatulii. Ukiyaingia kwa kasi, gari linajijengea tuta la maji mbele ya bampa, na tuta hilo linaweza kuufikia mdomo wa hewa hata kama dimbwi lenyewe halikuvuka magoti. Lori likija kutoka upande wa pili na wimbi lake, ndiyo kabisa.

Maji yakiingia kwenye bomba, cha kwanza kulowa ni chujio la hewa. La karatasi likilowa chapachapa hewa haipiti tena, injini inakosa pumzi na kuzima. Hiyo nayo ni bahati, ingawa wakati ule haionekani hivyo. Yakilipita chujio, yanakwenda moja kwa moja silindani.

Sasa piga hesabu. Injini yetu ya cc 1,600 yenye silinda nne ina cc 400 kwa kila silinda. Injini ya petroli ya kawaida hubana hewa hadi kufikia kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Ina maana pistoni ikifika kileleni, nafasi inayobaki juu yake ni cc 44 hivi: vijiko vitatu vya chakula. Hewa inakubali kubanwa. Maji, kwa nguvu zilizomo ndani ya injini, hayakubali. Kikiingia kijiko cha nne, pistoni inakutana na ukuta kabla haijafika juu. Dizeli ni kali zaidi. Injini ya cc 2,500 inayobana kwa 18 kwa moja inabakiwa na cc 37 tu, ingawa silinda yake ni kubwa zaidi.

Pistoni imesimama, lakini kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haijapata habari. Bado inazunguka, na nyuma yake kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma, na kama gia imeingia, kuna uzito wa gari zima unaosukuma. Kilicho katikati ya hao wawili ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na kranki. Ndio unaolipa. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, inaweza kusimama tu kwa kishindo kidogo, "tuk", bila madhara. Ikiwa kwenye mizunguko 3,000, konrodi inapinda, au inakatika na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mwenye akili ni hili: lilipozima ulikuwa unakwenda mwendo gani, na ulikuwa umekanyaga mafuta kiasi gani?

Kibaya zaidi kuliko konrodi iliyokatika ni ile iliyopinda kidogo. Iliyokatika inajitangaza. Iliyopinda milimita mbili inakuacha uwashe gari, ushukuru Mungu, uendelee na safari. Injini itamisi kidogo, itagonga kidogo, utaambiwa ubadilishe plagi. Wiki kadhaa baadaye, siku ya jua kali, barabara kavu, inapasuka, na hakuna atakayekumbuka lile dimbwi.

Stata peke yake mara nyingi haina nguvu ya kupinda konrodi. Ikikutana na maji hugoma. Hatari yake ni kwamba maji yanaweza kuwa kwenye silinda moja tu. Zile tatu kavu zikiwaka, zinaisukuma ile ya nne kwa nguvu ambayo stata haikuwa nayo. Tena bomba la hewa linaweza kuwa limebaki na maji njiani, na kila unapopiga stata unaifyonzesha injini yale ambayo ilikuwa bado haijayanywa.

Na kuna jambo baya kuliko stata: kusukuma. Wasamaria wanne wanakuja, unatia gia ya pili, unakanyaga klachi, wanasukuma, unaachia. Kwa gari lenye betri iliyokufa ni msaada mkubwa. Kwa gari lililokunywa maji, umechukua tani nzima ya chuma inayotembea ukaigeuza nyundo ya kupigia konrodi. Wasukume, ndiyo, lakini gia ikiwa huru, walitoe majini tu.

Umeme ukilowa

Magari mengi yanayozima kwenye maji ya kina kidogo hayajanywa chochote. Yamelowa umeme.

Ili plagi itoe cheche inahitaji volti zaidi ya elfu kumi. Umeme wenye nguvu hiyo hauna subira. Ukipewa njia fupi ya kwenda kwenye bodi, unaipita, na maji machafu juu ya waya ni njia fupi nzuri sana. Kwenye magari ya zamani yenye distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme) na waya ndefu za plagi, mpira ukishapasuka kidogo kwa uzee, unyevu tu wa feni kurusha maji unatosha. Feni hiyo ndiyo watu huisahau. Maji hayajafika hata nusu ya rejeta, lakini feni inayachota na kuyapuliza juu ya injini nzima kama mtu anayemwagilia bustani. (Yakifika kwenye panga zenyewe, zinaweza kupinda mbele na kuchana rejeta. Hapo una tatizo jingine.)

Magari mengi mapya ya petroli hayana waya hizo. Kila plagi ina koili yake, kifaa cha kupandisha volti, iliyokaa juu. Maji yakituama kwenye tundu la plagi, silinda hiyo inamisi. Halafu kuna sensa. Ile ya kranki huwa chini, karibu na puli au flaiwili, mahali pa kwanza kufikiwa na maji. Soketi yake ikilowa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haijui tena pistoni ziko wapi, kwa hiyo inakata cheche na mafuta. Injini inazima laini kabisa, kana kwamba umezungusha ufunguo mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo huwa linanichekesha. Dizeli za zamani zinasifiwa kwa kupita majini, na sifa hizo ni za haki: hazina cheche ya kulowa, kwa hiyo zinaendelea kufanya kazi almradi zipate hewa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hazina kitu cha kuzizima mapema. Petroli yenye waya zilizochoka inakohoa na kufa kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa hewa. Ule ubovu wake umemwokoa mwenyewe. Dizeli inakwenda kwa ushujaa hadi inapokunywa.

Zipo sababu ndogo ndogo. Ekzozi ikizama haina shida injini ikiwa inasukuma moshi, ila ukiachia mafuta au ukakanyaga klachi katikati ya maji, msukumo unapungua na injini inaweza kukabwa. Mkanda wa alteneta ukilowa unateleza, taa ya betri inawaka. Na wakati mwingine dereva kaachia klachi vibaya kwa woga. Hilo nalo hutokea zaidi ya tunavyokubali.

Kujua ni lipi

Kwanza wewe, halafu gari. Maji yanayotembea hayana mazungumzo: sentimita 30 zinatosha kulifanya gari dogo lielee na kusogea, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ya kuendesha porini. Ikiwa maji yanapanda au yana mkondo, fungua mkanda, shusha vioo wakati umeme bado upo, na toka. Gari la haibridi au la umeme usilipapase chini ya boneti. Nyaya za rangi ya machungwa ni za watu waliosomea.

Ikiwa maji yametulia, zima ufunguo kabisa, weka gia huru, lisukumwe hadi pakavu. Kisha kumbuka lilivyokufa. Lilitetemeka, likamisi, likapoteza nguvu polepole? Hiyo inaelekea kwenye umeme, au chujio lililolowa. Lilisimama ghafla kama lililogonga kitu, pengine na kishindo? Chukulia limekunywa maji mpaka ithibitike vinginevyo.

Kumbukumbu ya dereva aliyeogopa haiaminiki sana, kwa hiyo fungua boneti. Nenda kwenye kasha la chujio la hewa; kwa magari mengi linafungwa kwa vibanio vya mkono. Toa chujio, lishike kwa vidole, halafu pitisha mkono chini ya kasha na ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Pote pakiwa pakavu, na vumbi lake la kawaida, injini karibu hakika haijanywa. Chujio likiwa limelowa, au ukikuta mchanga na matone upande wa pili wake, usipige stata hata mara moja. Chomoa pia kijiti cha oili. Oili iliyopanda juu ya alama, au yenye rangi ya chai ya maziwa, ina maji.

Ikiwa ni umeme, kazi ni ya uvumilivu zaidi kuliko ya ufundi. Acha boneti wazi, joto la injini lifanye kazi. Futa waya za plagi na koili kwa kitambaa kikavu, chomoa soketi unazozifikia, zipulize, tumia dawa ya kupuliza inayofukuza maji kama unayo. Kifuniko cha distribyuta kifuate, ndani na nje. Nusu saa, saa moja. Ndipo ujaribu.

Ikiwa limekunywa, hatua yake ni kutoa plagi zote. Niliwahi kusimama kando fundi akiifanya kazi hiyo, na tangu siku ile sijahitaji kuelezewa kwa maneno. Alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, akatoa plagi nne akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Ya tatu ilikuwa na tone la maji lenye chembe ya mchanga. Kisha akatia spana kwenye boliti ya puli ya kranki, akazungusha kwa mkono, taratibu, akiwa amekunja kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani. Tundu la tatu likapandisha maji, hayakuruka, yalifurika tu kama chemchemi na kutiririka pembeni. Akazungusha tena mara mbili. Ndipo akatuambia tujitenge, akapiga stata sekunde tatu. Maji yakaruka hadi kwenye boneti kwa ndani na kurudi kama mvua.

Watu walianza kufurahi. Yeye hakufurahi. Alichukua kijiti kirefu chembamba, akakitumbukiza tundu la kwanza, akazungusha mpaka pistoni ikafika juu kabisa, akabana kijiti kwa ukucha usawa wa tundu na kukiweka alama. Akafanya hivyo kwa la pili, na la nne. Alama zote zilikuwa mahali pamoja. Kwa la tatu kijiti kilizama zaidi, labda unene wa sarafu mbili. Pistoni ile ilikuwa haifiki tena juu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefupika.

"Bosi, lilizimaje?" Mwenye gari akasema lilizima polepole, lenyewe, alikuwa anatambaa tu.

"Mlilisukuma?"

Hakujibu mara moja. Alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, kisha akasema walijaribu mara mbili, na mara ya pili lilikaribia kushika.

Kijiti kikionyesha pistoni zote ziko sawa, habari ni njema, na zinazofuata ni kazi za kawaida: matone machache ya oili kwenye kila silinda ili kuta zisipate kutu, plagi zikaushwe, kasha la hewa lifutwe, chujio jipya, oili na chujio lake vibadilishwe kama kuna dalili ya maji. Injini iwake, ipate moto ikiwa kwenye sailensa bila kukanyagwa, na isikilizwe. Kipimo cha mgandamizo wa kila silinda kitathibitisha alichosema kijiti. Oili imwagwe tena baada ya muda mfupi, kwa sababu ya kwanza hutoka na maji yaliyobaki. Dizeli hufuata njia hiyo hiyo, ila badala ya plagi za cheche hutolewa plagi za kupasha moto au nozeli, na hapo mwachie fundi. Haraka ina maana: silinda iliyolowa ikiachwa siku kadhaa inashika kutu na ringi zinaganda.

Yanayokuja kesho

Gari limewaka, unaondoka. Breki kwanza. Pedi na, hasa, breki za viatu zikilowa hazishiki. Tembea polepole huku umegusa pedeli kidogo kwa mita kadhaa mpaka zipate joto. Jaribu kabla hujazihitaji.

Difu na giaboksi zina ujanja wao. Zilikuwa za moto, zikatumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani ikasinyaa, na kwa kusinyaa ikavuta. Kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka, kinachovutwa ni maji. Ndiyo sababu oili ya difu huweza kuwa ya maziwa ingawa gari lilipita "vizuri" bila hata kukohoa. Fungua boliti ya kujazia siku inayofuata uangalie. Kwa giaboksi ya otomatiki usichelewe: nyuso za msuguano za sahani zake zimegandishwa kwa gundi, na maji huziachanisha.

Halafu ndani. Kama zulia limelowa, inua mpaka chini kabisa, kwa sababu sifongo iliyo chini yake huhifadhi maji kwa wiki nyingi, na magari kadhaa yana soketi na hata kontroli boksi zilizolala hapo au chini ya kiti. Shaba inaanza kuota ukungu wa kijani. Mwezi mmoja baadaye kioo hakishuki, taa ya mkoba wa hewa inawaka, milango inajifunga yenyewe usiku. Maji ya bahari hufanya hayo yote kwa kasi zaidi. Gari lililozama kwenye maji ya chumvi lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mapema iwezekanavyo, na hata hivyo mimi nisingelinunua.

Kwa wale ambao lazima wapite: shuka utembee kwanza kwa miguu kama mkondo haupo, au mwache mwenye gari refu atangulie umwone maji yanamfika wapi. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea haraka, mguu wa mafuta usitikisike, usibadilishe gia katikati. Ukiwa na feni ya umeme zima kiyoyozi, maana kikiwa kimewashwa huiamrisha izunguke. Na injini ikianza kupoteza pumzi ukiwa bado majini, izime mwenyewe kabla haijajizima. Konrodi ikikutana na maji kwenye mizunguko 600 haina hatari ile ya 3,000, na ikiwa imesimama kabisa haina hatari yoyote.